Mikorosho Iliyohama Jua Likizama

Ruponda, Nachingwea

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo. Kama umesimama, kaa kwanza, maana barua hii ni ndefu na goti lako nalijua. Limepata nafuu? Alizeti mmeshavuna, au ndege wamewawahi tena? Mimi mdogo wako ni mzima, nakula, na kitambi kipo mahali pake.

Najua utauliza kwa nini nimeandika wakati simu ninayo. Ninayo, na ni kubwa kuliko ya mwenyekiti wa kijiji. Lakini siku hizi simu siiamini. Maneno ukiyaachia hewani hujui yanapita kwa nani, na baada ya niliyoyaona, mambo ya ndani ya nyumba yangu nampa dereva wa basi kwenye bahasha, tena naipaka gundi mara mbili. Ikikufikia imefunguliwa, niambie. Halafu niambie na jina la mtu aliyekupelekea habari kwamba nimekimbiwa na mke. Sikukimbiwa. Mke alichukuliwa na mjomba wake, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kazi yangu unaijua juu juu. Niko Matambarale, wilaya ya Ruangwa, kwenye mtambo. Kwenye karatasi wameandika mlinzi, lakini mtambo wenyewe bila mimi haufanyi kitu, kwa hiyo ukiulizwa sema msimamizi. Jumamosi napanda pikipiki narudi huku Ruponda kwa mke na mikorosho. Wiki niliyoanza niliua swila pale kwenye mtambo, nyoka mrefu kiasi kwamba kichwa kilishakufa na mkia ulikuwa haujapata habari. Watu wa Matambarale wanalijua hilo, ingawa wengine watakataa.

Mtambo ni nguzo fupi ya zege, na juu yake kuna kidude cheupe kama bakuli lililofunikwa. Waya unashuka hadi kwenye sanduku la chuma, na sola iko pembeni. Basi. Mwenyewe ni binti mmoja wa chuo kikuu, mtu wa Mbeya, tunamwita Madamu Neema. Kwa umri ningeweza kumzaa, lakini anatembea kama barabara ni ya baba yake. Siku ya kwanza nilimwuliza lile bakuli linafanya nini.

"Linasikiliza setilaiti, Mzee Athumani."

"Zinasema nini?"

"Zinataja saa."

"Zikishataja?"

"Sisi tunapima ile sauti imechelewa kiasi gani njiani. Ndiyo tunajua imepita kwenye nini. Huko juu kuna ionosfia."

Nikamwambia ionosfia naijua. Mgeni ukimwambia hujui, kesho anakutuma maji ya kuoga.

Akaeleza kidogo, na hapa mpwa wangu Rehema anayesoma fizikia asome polepole. Juu kabisa, kupita mawingu, kupita ndege, kuna hewa nyepesi ambayo jua linaichapa mchana kutwa mpaka inachanika, inabaki na umeme ndani yake. Hiyo ndiyo dari ya dunia. Unakumbuka redio ya baba, mchana inakoroma tu, jua likizama inaanza kuleta Waarabu na Wafaransa? Baba alisema nchi za mbali zina haya, hazisemi mchana. Kumbe sauti zilikuwa zinapiga kwenye dari hiyo na kudunda mpaka kwetu Kondoa. Mimi peke yangu kati ya watoto wote nilikuwa namsikia mtangazaji akimeza chai. Wewe ulikuwa unakataa.

Lakini dada, mimi si wa kuambiwa nikameza. Kitu kinachotazama juu, kwa nini kiwekewe mlinzi chini? Ruangwa hii ina kinywe, yale madini meusi ya kutengenezea mabetri, na watu wanayatafuta kwa kila hila. Wanakijiji nao wana yao, wanasema bakuli linafukuza mvua. Basi siku moja nikalifunika kwa ndoo ya bati nione nani atalalamika. Jua halijageuka, Madamu akapiga simu kutoka huko chuoni kwake.

"Mzee Athumani, umefunika antena?"

Nikasema sijafunika, nikaiondoa ndoo. Sasa wewe fikiri. Kama linatazama juu, mimi niliye chini aliniona vipi?

Nikajisemea, hawa wana macho makali, na macho makali mtu mwenye akili anayatumia. Ndani ya sanduku Madamu alikuwa ameacha jipiesi ya mkononi, kile kidude chenye mshale kinachokuambia uko wapi duniani. Jumamosi nikaja nacho Ruponda. Sikuiba. Mlinzi hulinda kitu popote kilipo.

Hapa nikueleze mila ya watu hawa, usije ukashangaa mbele. Huku kwa akina wifi yako Somoe, mtoto ni wa mjomba. Baba ana heshima yake, lakini mjomba ndiye anayeozesha, ndiye anayetoa shamba, na ndiye anayeweza kuchukua alichokitoa. Mjomba wa Somoe ni Mzee Nangoma. Shamba ninalolima alinipa yeye, na tumepakana naye. Mpaka wetu ni mstari wa mkonge.

Hati ya kijiji ina namba za pembe za shamba langu. Nikaziingiza kwenye jipiesi, nikangoja jua lianze kuzama, wakati watu wanarudi kutoka mashambani, maana jambo kama hili linataka mashahidi. Nikaufuata mshale. Ukafika kwenye mkonge, haukusimama. Ukavuka, ukaingia kwa Mjomba, ukaupita mstari mzima wa mikorosho, ile minene inayowahi kuzaa, ndipo ukatulia. Nikasema kumbe. Nilikuwa na rangi nyekundu iliyobaki nilipopaka mlango wangu. Nikaipaka kila mkorosho wa mstari ule tumboni.

Mjomba akaja na jembe begani.

"Mkwe, hii rangi ya nini?"

"Ya mpaka, Mjomba. Mashine inasema mkonge umehamishwa."

"Umehamishwa na nani?"

Nilimtazama tu, na kutazama kulitosha.

"Mkonge huu nimeupanda wewe huko bara hujajua kuvaa suruali," akasema. "Una miguu?"

"Setilaiti hazina ndugu, Mjomba. Hazipendelei."

"Kweli hazina ndugu. Ndiyo maana hazina adabu."

Asubuhi yake akaja kwangu amevaa kanzu, na hakusema na mimi. Alisema na Somoe. "Funga nguo zako, mwanangu. Aliyeniita mwizi mbele ya watu hawezi kumlaza mtoto wangu." Somoe akasimama mlangoni na kifurushi, akaniambia, "Baba Mwaju, sema neno moja tu." Neno lenyewe nililijua. Nikasema nitalisema kosa likithibitishwa. Akaenda zake Mkotokuyana kwa mama yake.

Nikabaki na mbwa. Ugali niliupika mwenyewe, mzuri tu, mbwa aliususa kwa sababu zake. Usiniulize nililalaje. Nilikuwa natazama kile kitanda na kujiuliza kama Somoe na Mjomba hawakupanga jambo hili zamani, wakangoja nipate mashine ndipo wanifukuze. Kichwa cha mtu aliye peke yake ni kama ghala tupu, kila panya anazaa.

Kisha Madamu Neema akaja huku Ruponda na gari kutafuta jipiesi yake. Gari geni halijapoa, Mjomba Nangoma yuko uani. Akaeleza kesi yote, mimi nikasahihisha pale alipozidisha.

"Ulipima saa ngapi?" Madamu akaniuliza.

"Jua linazama."

Akaziba mdomo kwa kiganja. Nikamwona. Nikajua kuna kitu.

"Tupime tena sasa hivi," akasema, maana ilikuwa saa zile zile. Tukatoka wote watatu. Mshale ukafika kwenye mkonge, ukachezacheza, halafu dada, ukageuka upande wangu. Ukaingia shambani kwangu ukamega mstari wa mikorosho yangu mimi, ukatulia.

Mjomba akajikuna shingo. "Leo zimenipa mimi. Mkwe, rangi imebaki?"

Madamu alipewa kitanda kwa mwalimu mkuu, asubuhi tukarudi tena shambani. Mshale ulikwenda moja kwa moja ukasimama kwenye mkonge. Nikamwambia Madamu wazi kwamba aliichezea usiku. Akanipa mkononi, akasema nirudie mwenyewe. Nikarudia mpaka umande ukakauka. Mkonge, mkonge, mkonge.

Ndipo akaeleza yale aliyokuwa ameyabakiza. Jua likizama, ile dari haitulii. Sehemu yake ya chini inapoteza umeme upesi, ya juu inabaki nzito, basi ile nyepesi inapanda kwa vipovu, kama uji unavyotokota. Sauti ya setilaiti ikipita kwenye vipovu inayumba na kuchelewa, na jipiesi ndogo kama ile inadanganyika. Tena akasema uji huo unachemka zaidi kwenye nchi za huku kwetu, zilizo jirani na mstari wa ikweta, na miaka hii jua lina moto wake. Nikamwuliza nani anaukoroga. Akatazama saa yake. Hilo nimeliweka.

Nikamwuliza tena, "Sasa mbona hukunieleza siku ya kwanza?"

"Ulisema unaijua," akasema.

Mjomba Nangoma aligeuka akatazama mlima ambao haupo.

Nilichukua mafuta ya taa na tambara nikafute rangi. Mjomba akanizuia. "Acha. Jioni mikorosho hii ni yako, asubuhi ni yangu. Mashine imesema. Wewe njoo ukae kwenye mali yako kabla giza halijaingia." Nikafikiri ananitania, na watu wa huku utani wao hauna mlango, hujui uko ndani au uko nje. Lakini nilikwenda. Tukakaa chini ya tumbo jekundu la mkorosho, akanipa mabibo, akala na yeye. Jua likawa linazama. Nikatazama juu, sikuona kipovu.

Nikasema, "Mjomba, mkonge hauna miguu."

"Sema kwa sauti, mkwe. Saa hizi maneno yanachelewa njiani."

Nikarudia kwa sauti, na waliokuwa wanapita na majembe wakasikia.

Jana jua likizama akaja tena uani kwangu, na nyuma yake Somoe na kifurushi chake. Mjomba akasema, "Mkwe, jioni hii nakuletea mke. Asubuhi nitakuja tupime tena, tuone kama bado ni wako." Akaondoka bila kucheka. Somoe alimtazama mbwa kwanza. "Baba Mwaju, mnyama huyu alikuwa anakula nini?"

Nisalimie shemeji, mwambie ile ahadi ya kuja kumwonyesha jinsi ya kufunga redio ipo palepale. Nisalimie Mama Mdogo Hadija aliyenifundisha kusoma, aone mwandiko haujaharibika. Mwajuma wetu yuko bweni Nachingwea mjini, anawaamkia wote. Na Rehema atazame kwenye kitabu chake kama wameandika anayeukoroga ule uji ni nani, aniletee jibu kwa barua, siyo kwa simu.

Nimeamka kabla ya Somoe, nikakaa mlangoni na kalamu hii. Sasa ameinjika sufuria, uji unatokota, na nimevitazama sana vile vipovu. Vinapanda, vinapasuka, na havisemi kitu. Jua limeshatoka. Hapo nje nasikia kikohozi cha Mjomba Nangoma, amekuja kupima kweli. Nimemwambia Somoe amimine bakuli la tatu.

Ni mimi mdogo wako Athumani, ambaye mpaka naifunga bahasha hii, asubuhi kweupe, mke bado ni wake.