Orodha Mbili za Timu

Jumatatu, 4 Agosti

Vidonge saba. Uji nusu kikombe. Mama Neema, Mkongo anayenihudumia, alinigeuza, akanisugua mgongo, akalalamika kwamba nimebaki mifupa mitupu. Ni kweli. Daktari hasemi tena "tutaona mwezi ujao".

Bahasha imeletwa kutoka chuoni. Jumamosi, kabla ya mechi ya wanawake, jukwaa jipya la uwanja litapewa jina langu. "Kwa usimamizi safi wa fedha za michezo." Muthoni, binti yangu, alilia kwa furaha. Amepeleka koti langu la kamati kwa dobi.

Mimi niliisoma ratiba iliyokuwamo hadi ukurasa wa mwisho. Timu ya wanawake: majina kumi na nane. Matano yana nyota kando. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: mchezaji mgeni.

Bado wanafanya! Nilidhani uchafu ule ulistaafu pamoja nami.

Jumanne, 5 Agosti

Hasira tangu asubuhi. Mapafu yenyewe leo hayana neno.

Niandike wazi. Kwa Kiswahili, ambacho wajukuu hawakisomi. Mimi ndiye niliyebuni huyo "mchezaji mgeni". Nilikuwa mhasibu wa michezo. Kampuni ya bima ilidai namba ya kitambulisho cha nchi kwa kila mchezaji. Wanafunzi wakimbizi, wengi wao Warundi na Wakongo, walikuwa na karatasi za hifadhi tu. Kuwakatia bima kuliwezekana. Kulihitaji fomu za ziada na malipo kidogo zaidi. Kwenye kikao nikasema: tuwe na orodha mbili. Ya mwamuzi iwe na majina yote. Ya bima iwe na wenye vitambulisho. Waliobaki tuwaite wageni wa timu. Mwenyekiti alisema sisi tuliotoka Kenya tuna akili. Wakacheka. Nami nikacheka, mimi ambaye pia nilikuja nchi hii ya kusini na karatasi mkononi.

Wageni! Walilipa ada ya michezo kama wote. Imo ndani ya karo. Hata wa masomo ya jioni, wasiougusa mpira, wanailipa. Timu ya wanaume ilikuwa na kocha wa mshahara, basi, hoteli. Wasichana walifua jezi kwa sabuni yao wenyewe. Na kile tulichookoa kwenye bima kilishona makoti ya kamati. Vifungo vya shaba. Langu ndilo lililoko kwa dobi.

Jumatano, 6 Agosti

Espérance. Kipa. Mrundi, mrefu, haogopi mtu. Mechi ya ugenini, uwanja wa changarawe, akavunjika mguu chini ya goti. Miaka kumi na moja sasa. Alihitaji upasuaji ambao bima ingeulipia. Alipata plasta tu. Mguu ukaunga vibaya, masomo yakakatika.

Baba yake alikuja ofisini kwangu mara tatu. Mara ya tatu nilimpa barua: binti yake alikuwa mgeni wa timu, suala ni la kiutawala, chuo hakihusiki. Niliipiga chapa mwenyewe. Hakujua Kiingereza, kwa hiyo nilimtafsiria. Akasema asante. Akanipa mkono.

Hilo asante ndilo linalonila.

Nilimuuliza Mama Neema kama anamjua.

"Espérance wa cherehani? Pale mtaa wa Berea? Papa, nani hamujue! Hii blauzi, ni yeye."

Akageuka nione mshono wa mgongoni. Nimemtuma amwite.

Alhamisi, 7 Agosti

Alikuja saa nne. Anachechemea. Nilimwomba mara mbili ndipo akakaa.

"Jambo mzee. Unanikumbuka kwa jina ao kwa mguu?"

Nilimwambia yote. Orodha, makoti, barua. Nilijiandaa kwa matusi. Alinitazama tu, kama fundi anayepima kitambaa kibovu. Alishajua kwamba alidhulumiwa, hakujua nani aliyeanza. Mwanasheria wa bure alimwambia zamani kwamba bila mtu wa ndani kusema hakuna kesi, na sasa muda wa kesi umepita. Nikaomba msamaha. Akasema kazi hiyo ni ya padri, yeye ni mshonaji.

Nikamwonyesha ratiba. Hapo ndipo alipowaka. Alipitisha kidole kwenye zile nyota tano.

"Huyu namushonea mama yake. Huyu ni mutoto wa jirani yangu. Na Jumamosi wanacheza? Mzee, mguu wangu ulishakwisha. Miguu ya hawa ingali mizima!"

Anataka hati ya kiapo yenye muhuri. Bila muhuri, alisema, chuo kitajibu kwamba mzee ana homa.

Ijumaa, 8 Agosti

Ugomvi na Muthoni juu ya hati ya kiapo tangu kifungua kinywa.

"Baba, jina hilo ni langu pia. Mimi nafanya kazi benki. Watu watasema nini?"

Nikajibu watasema kweli. Akaniuliza kwa nini siwezi kufa kwa heshima kama wazee wengine. Ila ndiye aliyenipeleka kituo cha polisi nikaape. Kila tuliposimama kwenye robot, ndivyo waitavyo taa za barabarani hapa, alitazama mbele tu.

Katika mji huu kila karatasi huishia kwenye kaunta ya polisi. Foleni saa moja na nusu, mimi kwenye kiti cha magurudumu, mtungi wa oksijeni mapajani. Mbele yangu mtu aliyepoteza leseni. Nyuma yangu msichana mwenye nakala za vyeti vya shule. Konstebo hakusoma hata mstari. Kurasa tatu! Nusu ya maisha ya mtu imo humo! Nilitaka kumfokea asome. Akauliza wanayoulizwa wote. Unaelewa yaliyomo? Una kipingamizi cha kuapa? Kiapo hiki kinaifunga dhamiri yako?

Ndiyo. Hapana. Kwa swali la tatu niliziinamia kwanza kurasa zangu, akadhani sisikii, akalirudia kwa sauti. Foleni nzima ikageuka.

Ndiyo.

Muhuri. "Sharp, mkhulu," konstebo akaniambia, yaani sawa, babu. "Anayefuata!"

Espérance alikuwa nje. Alitoa nakala thelathini kwenye duka la jirani, akakataa pesa yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Sikwenda. Koti limerudi kutoka kwa dobi. Nilimwambia Mama Neema ampe mumewe. Akasema mumewe ana haya, hawezi kutembea mjini kama mlinzi wa hoteli. Nilicheka hadi nikakohoa damu.

Muthoni alikwenda peke yake. Alirudi saa kumi, akanisimulia akiwa amesimama mlangoni. Espérance aligawa karatasi langoni. Wasichana watano walisoma, wakavua viatu, wakakaa kwenye mstari wa katikati. Kisha wale kumi na watatu wengine nao wakakaa. Mwamuzi alipuliza filimbi mara mbili. Naibu mkuu wa chuo akashuka kuwaambia ni suala la kiutawala. Nahodha akamjibu:

"Eish, basi tuletee huo utawala tuone kama una majina yetu."

Kiutawala! Neno langu lenyewe, bado linatumwa kazi.

Mechi haikuchezwa. Kitambaa kilichofunika jina langu hakikuondolewa.

Muthoni hajanisamehe. Ila upepo ulikuwa mkali, anasema, na wasichana walikuwa miguu mitupu. Alikwenda kuwachukulia blanketi kwenye gari.

Jumanne, 12 Agosti

Pumzi fupi leo. Naandika kwa vituo.

Espérance alikuja bila kuitwa. Chuo kimesimamisha mechi zote hadi bima ya kila mchezaji ikamilike. Wamempa nahodha barua inayosema hivyo. Espérance hakunishukuru, wala haikufaa anishukuru. Alisema kiapo changu kina jina lake tu. Je, wageni wengine wa miaka yangu ya kazi? Walioumia na ambao hawakuumia?

Sina orodha yoyote hapa. Nina kichwa tu. Tukakaa karibu na dirisha, penye jua. Majina yalikuja polepole, yeye akinisahihisha tahajia za Kirundi. Muthoni alileta chai, akasimama kidogo, kisha akavuta kiti akawa ndiye anayeandika, maana mkono wangu ulichoka.

Tulipata kumi na sita. Wa kumi na saba ninamwona wazi. Mkongo, mfupi, winga wa kushoto, akikimbia kichwa kimeinama. Jina halikuja. Espérance hakumkuta chuoni. Muthoni alisubiri, kalamu juu ya karatasi, hakuniharakisha.

Nikamwambia aandike: jezi namba kumi na moja. Na kando yake aache nafasi.