Vidonge Vilivyofichwa Siku ya Mfungo

Gondar, mwezi wa Megabit, tarehe 21. Asubuhi ya ukungu.

Wifi Asnaku,

Salamu. Shayiri imeota na ng'ombe amezaa.

Shajara yangu inasema tarehe 12 ulimcheka Mama: "Mama wee, mfungo gani wa kumeza vidonge? Maji ya baraka yanatosha." Ukavificha. Vilikuwa vya kuzuia damu isigande kwenye vali yake ya moyo, na daktari alisema asikose hata siku moja. Siku ya sita donge la damu lilipanda kichwani. Mkono wake wa kulia umekufa.

Njoo Pasaka. Utamlisha mkate wa injera wewe, tonge kwa tonge, mbele ya ukoo mzima, nami nitausoma ukurasa huo kwa sauti.

Wifi yako asiyesahau,
Mulunesh

Naongeza saa saba mchana: Mama amelia tangu alfajiri. Ndiyo kwanza amelala.