Mkutano wa Kupanda

Jumanne, 6 Mei

Mazoezi tena. Nimeshuka kiwanjani saa kumi, nimekaa kwenye jiwe langu, nimemtukana beki wa kushoto kama kawaida. Magoti yananiuma. Upande wa goli la chini bado ni tope. Kiwanja chetu kimeinama, hilo kila mtu analijua. Wageni wanalalamika, sisi tumezoea.

Nimerudi na kuni. Maharage yamekataa kuiva. Dezire ameingia, ameoga, kisha akasema akiwa bado amesimama mlangoni: "Mama, tukishinda Muyinga, tunapanda." Ni mwanangu na ndiye nahodha. Mechi ya mwisho ya msimu ni Muyinga, na anayepanda anaingia daraja la kwanza. Wao sare inawatosha. Sisi lazima tushinde.

Nikamwambia, "Vizuri." Mdomo ndio uliosema.

Tukipanda, kiwanja hiki basi. Wakaguzi walishakuja, wakautazama mteremko, wakatikisa vichwa. Uwanja wa mjini Gitega umeshashikwa na timu nyingine. Tumeambiwa mechi zetu za nyumbani tutachezea Muyinga. Nyumbani, Muyinga! Safari ya nusu siku, tena mafuta yakipatikana.

Kiwanja hiki alikifyeka marehemu mume wangu na wenzake tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Hapo hakuna aliyeuliza nani alikimbia na nani alibaki. Watu waligawana pande mbili wakacheza. Alipokufa wakanipa mimi uenyekiti wa mashabiki. Sikuuomba. Sasa hata mkinipiga fimbo siutoi.


Jumamosi, 10 Mei

Leo nimecheka, jambo ambalo halitokei sana.

Nilikuwa nimewatumia ujumbe mashabiki wa Makebuko, Gishubi na Bukirasazi: "Jumamosi asubuhi, kiwanjani, mkutano wa kupanda. Msikose." Kwa Kiswahili changu cha Tanzania nilidhani nimemaliza. Watu wa Makebuko wamekuja na majembe. Watu wazima, majembe begani, na Mama Spesi mbele yao na beseni la miche. Walidhani ni kazi ya jumuiya, tunapanda miti kuzunguka kiwanja.

"Yoo! Kupanda ya ekipe?" Mama Spesi akasema. "Mama Dezire, si ungeandika kuduga, tungeelewa! Sasa hii miti nirudishe nayo?"

Ekipe kwao ni timu, na kuduga kwa Kirundi ni kupanda juu, si kupanda miche. Miti tukaipanda. Nilimwambia kiangazi kitaikausha. Akasema basi itakauka ikiwa imepandwa.

Baada ya hapo kicheko kikaisha. Bwana Altaf, mwenye duka la vyombo sokoni Gitega, ndiye aliyeanza. Anaipenda timu hii kuliko duka lake, na lori lake ndilo linalotubeba. "Ekipe iko na nguvu mwaka huu," akasema. "Tukikataa kupanda, wachezaji watatoka moja moja. Nani atabaki kucheza hapa? We? Mi?"

Mama Spesi akasimama na jembe lake. "Mi natokaka Makebuko na miguu. Muyinga nitaendaka na nini, na mabawa? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tuko nalo tayari. Tubaki kwetu."

Watu wakapiga makofi, wengine wakazomea. Mpaka jua la saa sita tulikuwa tumeshagawanyika na kupeana majina. Wasiotaka kupanda ni Majembe. Wanaotaka ni Wapandaji. Hatukuamua kitu. Tutarudi Jumamosi.

Mimi sikusema niko wapi. Mwenyekiti hana upande, niliwaambia. Uongo. Mimi ni jembe tangu mpini.


Jumapili, 11 Mei

Kanisani Majembe wameketi kushoto, Wapandaji kulia. Kwaya nayo imegawanyika, sauti ya tatu haikusikika kabisa. Padri amehubiri juu ya umoja bila kujua kwa nini watu wanakohoa.

Nimechoka.


Jumatano, 14 Mei

Bwana Altaf amekuja nyumbani. Hakutaka chai. Amekaa kwenye kigoda, magoti yakimfika kidevuni, akaniuliza Dezire ana miaka mingapi. Anajua vizuri ana miaka mingapi.

"Huyu kijana iko na mwaka moja, mbili," akasema. "Kisha mwili utamwambia basi. Mama, we unataka amalizie hapa, kwa hii kilima?"

Nikamwambia hapa ndipo baba yake alipomalizia. Akainamisha kichwa. Alipoondoka nikakasirika mpaka chumvi nikaitia mara mbili. Nimekasirika kwa sababu amesema kweli.

Dezire hajaniuliza mimi niko upande gani. Analiogopa jibu. Na mimi naliogopa swali. Tumekula chakula cha chumvi, hakuna aliyelalamika.


Jumamosi, 17 Mei

Swali lilikuwa moja: twende Muyinga sote, na malori na ngoma, tuwasukume vijana wapande? Au tukae?

Mikono ikalingana, au ikakaribia. Wakaanza kubishana nani ameinua miwili. Kisha wote wakanigeukia mimi. Wachezaji walikuwa wamesimama karibu na goli la juu, Dezire katikati yao.

Nikasema: anayetaka aende, lakini kundi halitakwenda kama kundi.

Hukumu ya woga. Majembe wakashangilia, kwa sababu hapa kwetu pasipo kundi hakuna safari. Dezire akainama kufunga kamba za viatu. Aliinama muda mrefu mno kwa kamba mbili.


Alhamisi, 22 Mei

Mafuta hakuna. Bwana Altaf ameshinda kwenye foleni ya kituo tangu juzi, yeye mwenyewe, amemwachia mkewe duka. Amepata ya kutosha kwenda na kurudi. Wachezaji watapanda lori, na mashabiki wachache nyuma yao. Mimi nakwenda. Mama hawezi kukosa.

Nimechemsha viazi vitamu vya njiani. Dezire amenitazama nikivifunga.

"Utaanzisha wimbo?" akauliza.

Mimi ndiye ninayeanzisha. Sauti yangu inafika goli hadi goli, na hakuna anayefungua mdomo kabla yangu. Nikamwambia tutaona kama sauti itakuwepo. Akacheka. Alidhani namtania.


Jumapili, 25 Mei. Muyinga

Naandika kwenye chumba cha parokia, wanawake wengine wamelala tayari. Lori lilitutikisa tangu alfajiri kupitia Karusi. Mgongo wangu si wangu tena.

Uwanja wao ni tambarare. Ukiweka mpira chini, unakaa. Vijana wetu walipoingia waliushika mpira na kuuweka na kuutazama.

Walitufunga mapema. Kipindi cha pili Dezire akasawazisha kwa kichwa. Akakimbia kuuchukua mpira wavuni mwenyewe, hakungoja kukumbatiwa. Tangu hapo mpira ulikuwa wetu. Wao walikuwa wamechoka, miguu imefungwa, wanapiga nje tu. Bao moja lilikuwa linakuja. Nililiona linakuja kama mtu anavyoona mvua upande wa pili wa bonde.

Mashabiki wetu wakanigeukia. "Anzisha, Mama! Anzisha sasa!" Bwana Altaf alikuwa amesimama juu ya benchi na koti lake la harusi.

Nikashika koo. Nikawaonyesha kwa mkono kwamba sauti imekatika.

Sauti ilikuwepo.

Wakajaribu wenyewe, kila mtu na wimbo wake, mara wakanyamaza. Uwanja mzima ulikuwa wa Muyinga. Bao moja kwa bao moja, filimbi, wao wamepanda. Dezire alianguka chali katikati ya uwanja, mikono usoni.

Nilifurahi. Naliandika hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kuliweka. Nilimtazama mwanangu amelala chini, na nikafurahi. Mungu anisamehe, lakini sijamwomba bado.


Jumatatu, 26 Mei

Tumerudi. Majembe walikuwa wanatungoja barabarani na mtungi wa pombe ya ndizi. Lori liliposimama waliziona nyuso za vijana, wakauficha mtungi nyuma ya sketi ya Mama Spesi. Hakuna aliyeimba. Vijana walishuka mmoja mmoja, kila mtu na njia yake.

Dezire amelala bila kula.


Jumatano, 4 Juni

Siku zote hizi, "shikamoo" na "asante", basi. Leo amesema.

Kocha wa Muyinga amempigia simu. Wanamtaka. Ameshakubali.

Nikamwuliza, na timu yako je? Akasema, "Timu gani, Mama? Ile yenu?"

Nikaanza kumwambia habari za baba yake na kiwanja. Akaniacha nimalize. Ndivyo nilivyomlea, mtu mzima hakatwi maneno. Kisha akasema taratibu kwamba siku ile Muyinga, filimbi ilipolia tu, alinisikia nikimwita dereva wa lori kutoka upande wa pili wa uwanja. Sauti safi kabisa.

"Ilirudi saa ngapi, Mama?"

Nikaenda jikoni nikaosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Maji yakimwagika hayazoleki, nami niliyamwaga mchana kweupe.


Jumapili, 6 Julai

Ameondoka. Nilimsindikiza hadi barabarani, nikambebea mto. Bwana Altaf alikuwa na mzigo wa kupeleka upande ule, akampa lifti mbele. Dezire aliniinamia, akaniachia kichwa nikibariki. Hajakosa adabu hata siku moja. Ingekuwa rahisi zaidi angenitukana.

Mchana kulikuwa na mechi ya kirafiki. Watu wamekuja wengi, wa Gishubi, wa Makebuko, hata wazee ambao hawatoki tena. Jiwe langu liko palepale. Mama Spesi ameniletea mahindi ya kuchoma, akasema, "Unaona? Kiwanja iko yetu."

Ni chetu. Nilichokitaka nimekipata, na leo sijui nikiweke wapi. Beki wa kushoto amekosea mara nyingi. Sikumtukana.


Jumapili, 31 Agosti

Nilimwambia Mama Spesi nakwenda Gitega hospitali, kwa ajili ya magoti. Nikapanda basi la Muyinga. Mechi yao ya kwanza daraja la kwanza.

Nilijifunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi, nikakaa nyuma kabisa, kati ya watu nisiowajua. Wana wimbo wao. Ni mzuri, siwezi kusema uongo.

Dezire alikuwa benchi, na kifulana cha akiba. Kipindi cha kwanza alikaa. Cha pili alitumwa kupasha mwili, akakimbia nyuma ya goli, akaruka, akajinyoosha, akarudi akakaa. Nikawa namwomba kocha kwa moyo, yule mtu nisiyemjua hata jina: mwingize. Mwingize basi. Alimwingiza mwingine. Watu wa Muyinga walishinda, wakaruka, mama mmoja akanikumbatia. Dezire alikuwa anaokota chupa za maji.

Nikatoka kabla hajainua macho.

Kwenye basi, tukiwa tumepita Karusi, simu ikalia. Ni yeye. Akauliza kelele hizo ni za nini, nikasema redio. Akasema wameshinda. Nikamwuliza, na wewe umecheza, baba?

Akasema ndiyo. Kidogo. Aliingia mwishoni.

Nikamwambia hongera, mwanangu.