Darasa la Maren Limepita Lango Langu

Glenda, acha unachofanya usome hii.

Mwalimu wa Maren ameleta darasa mtaani kwetu kuangalia nyuki wa porini. Nimefungua lango, nimeandaa juisi ya limau. Wamenipita. Wamekwenda kwa jirani, kwa Lorna.

Kwa Lorna, Glenda. Bustani yake ni vijiti vikavu vya mwaka jana na udongo mtupu.

Na aliyewapeleka ni Maren. Binti yangu mwenyewe.

Nikawafuata. Nikamwambia, "Mimi nimepanda maua ya penstemoni, nimepanda maua ya asili ya milima yetu tu, halafu wewe unawaleta kwenye vijiti?"

Akanijibu bila hata kushusha sauti: "Mama, bustani yako ni nzuri. Lakini kila mwaka kabla ya theluji unakata mabua yote, halafu unafunika udongo kwa magome ya miti. Nyuki hawa wanazaliana ndani ya mabua na ardhini. Kwako watakaa wapi?"

Watakaa wapi. Mbele ya mwalimu.

Lorna naye, na kofia yake ile: "Usijali jirani, mimi mvivu tu. Nyuki wanapenda wavivu."

Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, meno tu.

Nimerudi nikakaa kando ya penstemoni zangu. Zimejaa nyuki, naapa. Wakishiba wanaruka uzio, moja kwa moja kwa Lorna. Wanakula kwangu, wanalala kwake.

Sasa hivi Maren ameniandikia kwamba Lorna ameoka pai, nisimwekee chakula.