Ada ya Chuo na Manukato Yako

Mume wangu,

Huku hatujambo. Paa la jikoni limeacha kuvuja, na mama yako anakusalimu.

Wadaiwa wengine wote unawaburuza mahakamani. Ila chuo hicho, kinachokataa kutulipa ada ya kesi tuliyokishindia, unakifuata mwenyewe mpaka huko, umejipulizia manukato. Eti mhasibu wao ni mwanamke mwelewa! Mwelewa, na hajalipa hata senti?

Mimi pia ni wakili, na ofisi ni yetu sote. Juzi niliwashtaki. Leo wameweka wakili, mzee mmoja mwenye kikohozi. Miiko ya kazi unaijua: sasa huruhusiwi kuzungumza na mhasibu, mpaka upitie kwa huyo mzee.

Haya, jipulizie umfuate.

Mkeo, wakili mwenzio