Nesi Aliyetutoa Jikoni

Dada Nafula,

Pokea salamu za jua kali la Busibwabo. Nilimkuta Mama Mdogo ameketishwa jikoni karibu na moto, eti miguu yake iliyolegea ipate nguvu. Nesi akaja kwa baiskeli kutoka Busia, akatutoa sote nje. "Ugonjwa wake wa mishipa ya fahamu hautaki joto, nyinyi!" Akampangusa kwa kitambaa na maji baridi ya mtungi. Jioni Mama Mdogo alitembea mwenyewe mpaka mlangoni.

Unakumbuka marehemu Mama, miguu yake ilipolegea vivyo hivyo, alivyokuwa akiomba tumtoe jikoni, nasi kwa kumpenda tukiongeza kuni? Moshi ule bado naunusa.

Mguu wako ukifa ganzi tena, kaa kivulini, dada yangu. Nakuja na kitambaa.

Ndugu yako,
Wafula