Neno "Arosto" Katika Faili la Saady Omary

KITUO CHA POLISI KIBONDO
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Deborah Ntahondi
Umri: Miaka 41
Kabila: Mha
Kazi: Muuguzi
Makazi: Murungu

Mnamo tarehe 11/03/2024, saa 2:40 asubuhi, nikiwa zamu katika Kituo cha Afya Ruvugiro, nilimpokea Saady Omary, miaka 27, akiletwa na mama yake, Bi. Asia. Alikuwa amejikunja, ameshika tumbo upande wa kulia. Mikono ilikuwa na makovu ya sindano. Afande, niliyaona makovu kabla sijamwona mtu.

Nilimuuliza kama anatumia unga. Hakuficha. Alisema, "Niliacha mwaka jana, sista. Hii siyo ile. Ile naijua." Nilimjibu kwamba wote husema hivyo. Niliwahi kuibiwa simu na mgonjwa wa namna hiyo, na hasira yake nilikuwa bado ninayo. Kwenye faili niliandika "arosto", yaani maumivu ya mtu aliyekosa unga. Si neno la kitabibu, ni la mtaani.

Bi. Asia aliuliza mwanawe anaumwa nini. Nikasema ana arosto. Alidhani ni jina la ugonjwa. Alimpigia simu dada yake wa Kasulu kumwambia ugonjwa umejulikana, kisha akarudi kunishukuru. Mwenzangu alicheka. Na mimi nilicheka.

Saa 6:15 mchana tabibu alisoma faili akiwa mlangoni, akapita. Saady alitapika mara tatu. Saa 9:20 alasiri maumivu yalikoma ghafla, nikamwambia mama yake, "Unaona, imempita." Saa 12:00 jioni alikuwa anachemka, tukaita gari. Alifia njiani. Daktari wa hospitali ya wilaya alitueleza kwamba kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu mchana.

Tarehe 13/03/2024 nilikuta faili lina karatasi mpya, si mwandiko wangu, inayosema nilimpima tumbo saa 3:00 asubuhi. Uongozi wa kituo cha afya uliniambia nikiikubali nitabaki kazini. Nimekuja hapa kwa hiari yangu kusema si kweli. Bi. Asia bado anawaambia watu kwamba tulihangaika sana na mwanawe, na mimi siwezi kupita mbele ya nyumba yake.

Siku nzima ile sikumgusa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya mwenyewe.

Saini ya shahidi: D. Ntahondi

Uthibitisho wa askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekiri ni sahihi. Awali niliandika "sikumpima ipasavyo". Alikataa kutia saini mpaka nilipofuta na kuandika "sikumgusa".

D/Koplo Tharsisi
15/03/2024, saa 5:10 asubuhi